Darasa la insha la Jumamosi kule Majengo: nshalipa termu mbili, acha niwaambie

Nshaulizwa na wazazi kama saba hivi kuhusu lile darasa la insha la Majengo, hapa Mombasa, ninalompeleka binti yangu kila Jumamosi, na nkisema nimjibu kila mtu kivyake vidole vitaniuma, kwa hivyo naandika hapa mara moja wote msome. Naliwekea nyota nne kati ya tano. Hiyo ya tano ntawaambia imeenda wapi.

Kwanza mjue nilikotoka. Binti yuko Gredi 5, na Kiswahili si kitu cha kumsumbua, sisi watu wa Likoni, ng'ambo ya feri, nyumbani tuko na bibi yake ambaye hana lugha nyingine. Mtoto akikusimulia vile paka wa jirani alivyoiba samaki kwenye kikaango utacheka mpaka ukae chini. Sasa termu ya kwanza karatasi ya insha inarudi imeandikwa anakaribia matarajio, yaani bado hajafika. Anakaribia! Nkasema huyu mwalimu wao ana lake jambo, ngoja niisome mwenyewe. Nkaisoma. Wallahi mamake mtu nlisinzia.

Siku ya siku iliwadia, akarauka alfajiri na mapema, akapiga mswaki, akaoga, akavaa, akanywa chai kwa mkate uliopakwa siagi, akaaga wazazi, nusu ukurasa mzima hajatoka nje ya nyumba. Akitoka tu majambazi hao, wana bunduki, moyo ukamdunda, kijasho chembamba kikamtiririka, akakimbia kama duma, na mstari wa mwisho mnaujua bila mimi kuuandika: Lo! Kumbe ilikuwa ndoto. Mwanangu hajawahi kuona jambazi maishani mwake, na mkate na siagi asubuhi kwetu ni mpaka kuwe na mgeni.

Kosa jengine lilikuwa langu, lazima niseme ukweli. Mwezi mmoja kabla nlikuwa nimemnunulia kijitabu cha msamiati wa insha, shilingi mia tatu, jina lake silitaji manake sitaki maneno, vile vya kurasa zimejaa mapambo tu, hapa namna 20 za kusema kumekucha, hapa namna 20 za kusema nliogopa. Mtoto akavikariri vyote kama anakariri sura ya madrasa. Matokeo yake ndio yale, kuna sentensi aliandika jua la machweo lilichomoza kutoka matlai. Machweo na matlai pamoja, asubuhi moja! Nlimuuliza jua lilikuwa linatoka au linazama akaniambia, "Sijui mama, lakini ni maneno mazuri."

Basi shoga yangu mmoja akanielekeza Majengo. Mwalimu ni mstaafu, mama mtu mzima, amefundisha madarasa ya juu ya msingi miaka mingi na enzi za KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, alikuwa akisahihisha insha. Jina lake siliandiki, hajaniambia nimtangaze, ukilitaka uliza wazazi wa pale watakwambia. Chumba kiko juu ya duka, ghorofa ya kwanza, Jumamosi saa nane na nusu mpaka saa kumi, kwa hivyo watoto wa madrasa ya asubuhi wanawahi kula. Siku moja ni 250. Shule zikifunga likizo anafunga na yeye, anasema tuisheni ya likizo sheria ya elimu ya 2013 imekataza na yeye hataki kuandamwa uzeeni.

Siku ya kwanza nlikaa nyuma nione. Nlidhani atagawa fulskapu watoto waanze kuandika. Wapi. Dakika 30 za kwanza hakuna aliyeshika kalamu. Aliwaweka wawili wawili, mmoja asimulie kitu kilichompata wiki hiyo, mwenzake kazi yake ni maneno mawili tu: "Kisha?" na "Ulijuaje?" Ukisema nliogopa, mwenzako anauliza ulijuaje umeogopa, inabidi ufikirie, mikono ilifanyaje, ulisema nini, ulisimama ama ulikaa. Ukifika pahali mwenzako ameanza kuangalia dirisha, hapo bi mwalimu anasema hapo pakatwe. Mimi nimesoma nane zote za msingi, insha tukichapwa nazo, hakuna siku mtu aliniambia nisimulie kwa mdomo kwanza.

Halafu mambo ya utangulizi. Watoto wote 17 waliokuwemo walikuwa wanaanza kwa kuamka. Akawauliza, nyinyi wa Likoni mkipanda feri, feri huwa inawangoja mpige mswaki? Basi insha ianzie feri ishang'oa, msomaji arukie humohumo. Tangu siku hiyo kwetu nyumbani ukianza stori ndefu binti anakwambia, "Mama, feri ishang'oa." Ananikera lakini ana haki.

Kitu kilichonifungua macho mimi mwenyewe ni hii habari ya -li- na -ka-. Watoto wengi, na wa kwangu akiwemo, wanaandika nilienda dukani, nilinunua sukari, nilirudi, nilimpa mama. Sio makosa, lakini inasomeka kama risiti. Bi mwalimu anawaambia -li- ifungue mlango mara moja, baadaye -ka- ndio itembee: nilienda dukani nikanunua sukari nikarudi, na ukitaka msomaji asimame kidogo aangalie kitu unamwekea -ki- ama alikuwa ana-. Sisi tunaongea hivyo kila siku bila kufikiria. Mtoto akishika kalamu ndio anasahau lugha yake mwenyewe, sijui ni woga ama nini.

Na lahaja. Hapa wazazi wa pwani nisikilizeni. Mwanangu aliandika bibi akaniambia ndoo hapa, na pengine akaandika mato yalinitoka. Shuleni hiyo ndoo ilipigwa wino mwekundu kama kosa la tahajia, ati ni njoo, na mato ni macho. Bi mwalimu yeye akamuuliza, nani anasema ndoo? Bibi. Basi mfungulie bibi alama za mtajo aseme anavyosema, lakini wewe msimulizi huku nje uandike sanifu, macho. Mtoto alifurahi! Manake alikuwa ashaanza kuamini Kiswahili cha bibi yake ni kibovu. Pia akamtahadharisha kuwa kwenye mtihani asijaze, neno moja ama mawili ya bibi yatosha, manake hujui nani atasahihisha.

Methali hivohivo. Watoto wanafunzwa kumwaga methali tano kwenye ukurasa mmoja kama kuku wamemwagiwa mtama. Yeye anawapa ruhusa ya moja, na iwe imesemwa na mtu ndani ya kisa. Na kichwa kikiwa chenyewe ni methali, hataki uanze kwa kumfasiria maana, anasema msahihishaji anaijua hiyo methali kabla hujazaliwa, mpe kisa.

Muda anaupima kwa ile saa ya kengele ya mezani. Dakika 40 kama zile za KCPE ya zamani: tano za kufikiria na kuchora kamchoro ka nani, wapi, alitaka nini, kikamzuia nini, 30 za kuandika, tano za kusoma tena kwa midomo bila sauti. Hizo tano za mwisho ndio watoto wanaziiba. Hapo ndipo wanashika alipo fika iliyoandikwa mbali mbali, hile badala ya ile, gali badala ya ghali. Kila wiki anasahihisha aina moja tu ya kosa, mengine anayaacha. Mwanzoni nlichukia, nkaona mbona daftari lina makosa mengine kumi hajayagusa, ni kwa sababu ya pesa ndogo ama? Lakini nkaona mwenyewe mtoto anayerudishiwa karatasi nyekundu yote haisomi, anaitia begini. Ya kosa moja anaisoma.

Najua kuna watakaosema KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, na KPSEA, huu mtihani wa sasa wa Gredi 6, ni maswali ya kuchagua, sasa insha ya nini tena? Na mimi nlisema hayohayo. Lakini mitihani ya termu shuleni insha imo, kwenye mtaala insha ya masimulizi imo, na hata hiyo ya kuchagua ufahamu ni visa vitupu, mtoto anayejua kisa kinavyoshonwa anasoma haraka. Halafu akishapita huko mbele atatakiwa aandike, hakuna atakayemwekea A B C D maisha yote.

Sasa nyota ya tano.

Moja, kuahirisha. Mara tatu termu hii ujumbe wa leo hatuna darasa umeingia WhatsApp tukiwa katikati ya maji. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, sawa, lakini jua la saa saba pale kivukoni si bure, na nauli ya matatu ile ya kupanda mjini si bure. Nkamwambia kwa heshima zote, bi, tuambie basi Ijumaa usiku. Akasema inshallah. Bado tuko kwenye inshallah.

Chumba kidogo, watoto 17 ilikuwa mwanzo, sahii wamefika 24, feni moja na inapiga kelele mpaka wale wa nyuma wakisimuliana inabidi wapige mayowe. Ukichelewa unakaa nyuma. Daftari zinarudi baada ya wiki mbili, mtoto ashasahau aliandika nini. Hati hafundishi kabisa, na mvulana wangu wa Gredi 3 hati yake ni kuku amekanyaga wino, nlimpeleka mara mbili akaboeka akalala juu ya dawati. Chini ya Gredi 4 usimpeleke, utapoteza pesa. Komposisheni ya Kiingereza pia hamna, usiulize. Na mdomo wake ni mkali, kuna mtoto aliambiwa mbele ya wenzake kuwa jambazi wake ana huruma kuliko polisi wake, wote wakacheka, yeye akalia. Wangu hajali, lakini kama mtoto wako ni wa machozi ya karibu, ongea naye bi mwalimu kwanza, ukimwambia anasikia.

Na grupu ya WhatsApp, jamani wazazi wenzangu. Watu wanataka ati insha za mfano watoto wakariri. Ndio tulikotoka huko!

Maendeleo? Termu ya pili karatasi imerudi anafikia matarajio. Sio kuzidisha, usije ukaniambia nlikudanganya. Mwalimu wa shule alimkata kwa hati na kwa kutoweka nukta, na kweli hakuziweka. Lakini nliisoma yote nimesimama jikoni na mbaazi zikaungua. Ilianza hivi: "Ndara yangu ilianguka majini kabla sijajua imenivuka." Kisa cha kweli, mwaka jana, watu walikuwa wanasukumana kushuka kwenye feri, ndara ikaponyoka, mtu mzima mmoja akamwambia iache mwanangu ishaenda Zanzibar, akatembea mguu mmoja mpaka nyumbani akificha ule mwengine nyuma ya begi ili wasichana wa darasa lao wasimwone. Hakuna bunduki, hakuna hospitali, hakuna ndoto. Mimi mamake nlikuwa naye siku hiyo nyumbani nsijue kuwa alitembea akijificha. Nlimgombeza tu kwa kupoteza ndara.

Bi mwalimu alipoiona hakuandika vizuri sana wala nini. Pembeni aliweka swali moja kwa penseli: na ile ndara ya pili uliifanya nini? Binti ameandika upya mwisho mara tatu sasa, kila mara anaizungushia mkono asinionyeshe.

Basi kama mtoto wako yuko Gredi 4 hadi 6 na Kiswahili anaongea lakini akishika kalamu anakuwa mtu mwengine, mpeleke. Lipa kwa siku kwanza, usilipe termu nzima mpaka uone kama atazoea. Mletee chupa ya maji na fulskapu zake mwenyewe. Na kwa wale wa ng'ambo yetu, vukeni kabla ya saa nane kasorobo, ile feri ya saa nane Jumamosi inajaa watu wa sokoni, na ukishachelewa ni viti vya nyuma chini ya feni.