FIFA 23 kwenye PS4, PS5 na Switch: kasi ya Mbappé si ile ile

Katika kibanda cha gemu ninachokwenda mara kwa mara hapa Chang'ombe, Dodoma, kuna televisheni nne zilizounganishwa na PS4 (PlayStation 4, mashine ya gemu ya Sony), na moja, iliyowekwa karibu kabisa na meza ya mwenye kibanda, iliyounganishwa na PS5, mrithi wa PS4. Mechi ya PS4 ni shilingi 500, mechi ya PS5 ni shilingi 1,000, na kwenye mashine zote gemu linalochezwa ni lile lile la mpira wa miguu, FIFA 23, lililotoka tarehe 30 Septemba 2022. Kwa miezi mingi niliamini kwamba ile 500 ya ziada tunalipia majani yanayong'aa na jasho kwenye nyuso za wachezaji, na kwa kuwa televisheni yenyewe ni ya inchi 32, niliona ni heri nibaki na 500 yangu nikanunulie zabibu.

Siku niliyobadilisha mawazo ni siku niliyofungwa mabao manne na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilichukua PSG kama kawaida yangu, yeye akachukua Liverpool. Mbinu yangu kwenye PS4 ni moja na kila mtu kibandani anaijua: pasi ndefu ya kupenyeza upande wa kushoto, Mbappé anaifuata, nabana kitufe cha kukimbia, na hakuna beki atakayemwona tena. Kwenye PS5 Mbappé alimwacha van Dijk kwa hatua tatu za kwanza, kama nilivyotarajia. Kisha, tulipokaribia boksi, yule beki mrefu akaanza kurudi, hatua moja ndefu baada ya nyingine, akaweka bega, mpira ukawa wake. Jambo hilo lilijirudia mara tatu. Kijana akaniuliza kwa upole, "Kaka, mbona Mbappé wako leo anachoka mapema?" Nikadhani padi ni mbovu, nikaomba tubadilishane, nikafungwa tena.

Padi haikuwa na kosa lolote. Toleo la PS5, pamoja na lile la Xbox Series X na S (mashine za Microsoft) na la kompyuta, lina mfumo unaoitwa AcceleRATE, ambao unawagawa wachezaji katika makundi matatu ya ukimbiaji: wanaolipuka ghafla mwanzoni, wanaopanda kasi taratibu lakini wakishaifikia huidumisha kwa umbali mrefu, na wale wa katikati. Winga mwepesi huanza vizuri, ila akimbizwe umbali mrefu na beki mwenye miguu mirefu, pengo hupungua. Kwenye PS4 mfumo huo haupo kabisa, na mbio huamuliwa na namba za kasi alizopewa mchezaji, kwa hiyo mwenye namba kubwa anabaki mbele kutoka mstari wa katikati hadi golini. Mtu aliyejifunza gemu hili kwenye PS4 ana tabia ambazo PS5 inamwadhibu kwazo, na kinyume chake pia ni kweli, maana yule mwanafunzi nilipomshawishi tuhamie PS4 nilimlipa mabao yake yote kwa kumpigia mpira mmoja tu ule ule wa kushoto.

Tofauti ya pili iko kwenye miili. Watengenezaji wanaiita teknolojia yao HyperMotion2, na kazi yake ilianza kwenye FIFA 22, pale wachezaji 22 walipovalishwa mavazi yenye vihisio na kuchezeshwa mechi halisi ili mienendo yao irekodiwe. Kwa FIFA 23 zilirekodiwa mechi mbili kamili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, zikazaa mienendo zaidi ya 6,000. Mtu akisoma namba hizo anaweza kuziona ni za tangazo la biashara tu, lakini akikaa kwenye benchi la kibanda na kutazama mpira wa kona mmoja kwenye kila mashine ataelewa. Kwenye PS4 wachezaji wawili wanaporuka, aghalabu mmoja huruka na mwingine huonekana kama amekubali kushindwa tangu mpira ulipopigwa. Kwenye PS5 wanasukumana hewani, mmoja anamwegemea mwenzake, mpira unatoka ukiwa umepinda kwa sababu aliyeupiga alikuwa ameyumbishwa. Safu ya mabeki nayo inapanda na kushuka kwa pamoja, jambo linalofanya mtego wa kuotea uwe kitu cha kuogopwa. Yote hayo yanaonekana vizuri hata kwenye televisheni ile ya inchi 32, ambayo haiwezi kuonyesha picha ya 4K hata ukiiombea.

Kuna pia jambo la padi yenyewe. Vitufe vya nyuma vya padi ya PS5 hukaza kadiri mchezaji anavyochoka, hivi kwamba kukimbia na kiungo aliyefika dakika ya 80 kunadai nguvu ya kidole chako. Mimi nililipenda jambo hilo, ingawa mwenye kibanda amelizima kwenye mipangilio, akisema kwamba wateja wake wana vidole vya kutosha kuvunja padi bila kusaidiwa.

Nisiionee PS4, kwa sababu mengi mapya ya FIFA 23 inayo. Shuti la nguvu lipo, namna mpya ya kupiga faulo na kona ipo, mpira wa mtaani wa Volta upo, na mechi ya watu wawili waliokaa benchi moja bado ina utamu wake wote. Udhaifu wake mkubwa hapa kwetu ni kusubiri na kelele. Kusubiri mechi ifunguke ni kwa muda unaotosha mtu kutoka nje, kununua maji na kurudi, ilhali PS5 inafungua kabla hamjamaliza kubishana nani achukue timu ya nyumbani. Kuhusu kelele, anayeijua Dodoma ya Agosti anajua upepo wake na vumbi lake jekundu linaloingia hata kwenye sanduku lililofungwa, na PS4 iliyokaa msimu mzima bila kufunguliwa na kusafishwa hunguruma kama mashine ya kusaga, feni ikishindana na sauti ya mtangazaji.

Anayetaka kununua, badala ya kulipia mechi, na awe mwangalifu na diski. FIFA 23 iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni Septemba 2023, wakati mfululizo huu ulipobadilishwa jina na kuwa EA Sports FC, kwa hiyo asiyekuwa nayo tayari anategemea diski, na PS5 isiyo na sehemu ya kuingizia diski haitamsaidia. Diski ya PS4 huingia na kucheza kwenye PS5, na hapo ndipo watu wanapotatizika. Rafiki yangu wa Nkuhungu aliuziwa diski iliyotumika kwenye duka moja la mjini, akaambiwa ni ya PS5, akaiweka, ikafunguka, akacheza mwezi mzima huku akiniambia kwamba habari za van Dijk kumfikia Mbappé ni hadithi zangu za kujitetea. Nilipokwenda kwake nikaona alama ndogo ya PS4 kando ya jina la gemu kwenye skrini. Alikuwa na mashine mpya inayochezesha toleo la zamani. Kasha huwa linasema ukweli, likiwepo: la PS4 lina utepe wa buluu juu, la PS5 lina utepe mweupe. Yeye alikuwa amepewa diski ndani ya mfuko wa nailoni.

Toleo la Switch, mashine ya Nintendo yenye kioo chake inayobebeka mkononi, nililifahamu kupitia mpwa wangu, aliyekuja likizo nayo mkobani. Kwenye jalada limeandikwa Legacy Edition, maneno yaliyobandikwa kwa kila FIFA ya Switch kuanzia FIFA 20, na maana yake kwa lugha ya sokoni ni kwamba nguo ni mpya na mwili ni wa zamani. Jezi na vikosi vimesasishwa, lakini uchezaji wenyewe ni wa miaka kadhaa nyuma, bila Volta, bila HyperMotion2, bila shuti la nguvu. Kuuza kitu hicho kama gemu la mwaka mpya ni jambo ambalo mimi nisingelifanya kwa mteja ninayetarajia kumwona tena. Watu wawili wanaweza kugawana vile vipadi viwili vidogo vinavyochomolewa pembeni mwa mashine, kila mmoja kimoja, ila kila kimoja kina kijiti kimoja tu, na chenga zinazohitaji kijiti cha pili zinakufa. Mkono wa mtu mzima unakishika kama unavyoshika kiberiti.

Hata hivyo mpwa wangu alikuwa amecheza njia nzima ndani ya treni ya mwendokasi kutoka Dar es Salaam, na usiku mmoja umeme ulipokatika mtaani, ikawa yeye ndiye mwenye kibanda, watoto wa majirani wakimzunguka barazani kwenye kile kioo kidogo. Kwa safari na kwa giza, toleo hilo halina mpinzani. FC 24 ya mwaka 2023, iliyofuata FIFA 23, ndiyo ya kwanza kwenye Switch kujengwa kwa injini ya Frostbite, yaani programu inayoendesha gemu, ambayo PS4 iliipata tangu FIFA 17, na mwenye Switch anayetaka mpira ningemwelekeza huko moja kwa moja.

Kwa mchezaji wa mtandaoni lilikuwepo jambo moja la kuongeza: PS4 na PS5 hazikuwa zikikutana. FIFA 23 iliruhusu PS4 kukutana na Xbox One, na PS5 kukutana na Xbox Series pamoja na kompyuta, kila kizazi na wenzake, na ukishajua habari ya AcceleRATE unaona kwamba isingewezekana vinginevyo.

Mimi nyumbani nina PS4 na sina mpango wa kuiuza, maana wageni wangu wote wameizoea. Jumamosi jioni ninatoa shilingi 1,000 na kukaa karibu na meza ya mwenye kibanda, ambako siku hizi ninachukua Liverpool, na Mbappé nimemwachia yule mwanafunzi.