Kitelezi cha rezolusheni cha SteamVR: kinanoa picha, ila asilimia zake zinachanganya

Ukitaka picha kali zaidi kwenye miwani ya VR (uhalisia pepe) inayotumia kompyuta, anzia kwenye kitelezi cha rezolusheni cha SteamVR, programu ya kompyuta inayoendesha gemu za VR. Ni cha bure, na kila gemu unaweza kuipa kiwango chake. Tatizo ni kwamba huja kikijipangia chenyewe, na makadirio yake hayafai kila gemu. Fungua "Settings", ingia "Video", na kwenye "Render Resolution" chagua "Custom".

Asilimia unayoiona hapo ni ya jumla ya pikseli, si ya upana. Kutoka 100 hadi 200, upana na urefu huongezeka mara 1.4 tu kila kimoja, lakini kadi ya grafiki huchora pikseli mara mbili. Wala 100 si rezolusheni ya skrini. Miwani ya HTC Vive ya kwanza ina pikseli 1080 kwa 1200 kwa kila jicho, ilhali kwa 100 SteamVR huchora 1512 kwa 1680. Lenzi huipinda picha, hivyo programu huipinda kinyume kwanza, na katika kupindwa huko sehemu ya katikati hutanuka. Ziada ile ndiyo inayolinda ukali pale jicho linapotazama zaidi. Anayeshusha namba zilingane na za skrini anajiharibia picha.

Panda kwa hatua za 10, ukipimia kwenye eneo zito la gemu, si kwenye menyu. Kwa 90 Hz, yaani skrini ikionyesha picha (fremu) 90 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 11.1; kwa 72 Hz ni 13.9, kwa 120 Hz ni 8.3 tu. Acha akiba ya milisekunde moja hivi. Ukipitiliza, mfumo wa 90 Hz unaweza kushusha gemu hadi fremu 45 kwa sekunde na kubuni zile za katikati, na hapo kingo za mikono na vitu vinavyokwenda kasi huanza kutetemeka. Kama picha inakwamakwama ghafla ukigeuza kichwa, angalia kumbukumbu ya kadi: huenda imejaa. Baada ya kubadilisha, funga gemu uifungue upya, maana nyingi hazisomi namba mpya zikiwa zinaendelea.

Beat Saber ni nyepesi, hubeba kiwango kikubwa. Microsoft Flight Simulator ina njaa, ianzishe chini ya 100. Half-Life: Alyx hujirekebisha yenyewe inapozidiwa, kwa hiyo usishangae kitelezi kikipanda bila picha kubadilika.

Wenye miwani ya Meta Quest wanaoiunganisha na kompyuta wawe makini zaidi. Programu ya Meta kwenye kompyuta ina kitelezi chake, na Oculus Debug Tool, programu ndogo ya Meta ya marekebisho ya ndani, ina kizidishi kingine cha pikseli. Vyote huzidishana na cha SteamVR: 1.2 kwenye Debug Tool peke yake ni mzigo mara 1.44, maana huzidisha upana na urefu pia. Chagua sehemu moja ya kupandishia. Debug Tool iache kwenye 0, yaani isibadilishe kitu. Tena, picha ya Quest hufika kama video iliyobanwa. Nyaya na maandishi ya mbali yakimetameta, ongeza rezolusheni. Majani au giza vikivunjika vipandevipande ukisogea, kosa ni la bitireti (kiasi cha data ya video kinachotumwa kwa sekunde), na kitelezi hakitakusaidia.

Quest 2 ina nafasi tatu tu za umbali kati ya lenzi: 58, 63 na 68 mm. Chagua inayokaribia umbali kati ya mboni za macho yako kabla ya kugusa namba yoyote.