Mosquito Dunks: nzuri kwa maji usiyoweza kuyamwaga

Maji yanayoweza kumwagwa, yamwage. Dawa hii ya kuua viluwiluwi, yaani mbu wachanga wa majini, inafaa kwa yale yasiyomwagika: bwawa la bustani, tangi la kuvunia mvua, shimo la msingi wa jengo, mtaro uliotuama. Hapo kazi yake ni ya kuaminika, mradi aliyeiweka anajua inavyoua.

Ni donge la duara lenye tundu katikati, rangi ya udongo mkavu, jepesi kiasi cha kuelea. Takriban asilimia 10 yake ni Bti, yaani Bacillus thuringiensis israelensis, bakteria wa udongoni aliyegunduliwa mwaka 1976 kwenye mazalia ya mbu katika jangwa la Negev, Israel. Bakteria huyu hutengeneza fuwele za protini zisizo na madhara mpaka ziliwe. Kiluwiluwi akizimeza, ualkali wa utumbo wake huziyeyusha, sumu hutoboa seli za utumbo, naye huacha kula na kufa, mara nyingi ndani ya saa 24. Samaki, nyuki, mbwa na binadamu hawadhuriki. Na kwa kuwa sumu zenyewe ni nne zinazosaidiana, usugu si rahisi kujengeka.

Neno kubwa hapo ni kula. Pupa, yaani viluwiluwi waliokaribia kuwa mbu wazima, wale waliojikunja mfano wa alama ya mkato, hawali kitu, kwa hiyo dawa haiwagusi. Ukiweka donge leo kwenye maji yaliyojaa pupa, siku mbili zijazo mbu wataruka kama kawaida, na watu wengi hapo ndipo wanapoitupa wakidai ni feki. Sivyo. Wachote pupa kwa chujio, au vumilia siku chache hizo. Mbu wazima nao haiwahusu hata kidogo.

Kipimo hufuata eneo la uso wa maji, si kina. Donge zima linatosha mita 9 za mraba kwa siku 30 au zaidi. Nusu inatosha mita 2 hivi. Robo kwa nusu mita ya mraba, yaani pipa la kawaida. Linakatika kwa mkono. Pitisha waya kwenye tundu ulifunge upande wenye kivuli, maana mionzi ya jua huiharibu Bti upesi, na bila kufungwa upepo hulisukuma pembeni likakwama kwenye majani. Maji yakikauka usiliondoe. Yakirudi, litaendelea kufanya kazi.

Linaachia dawa polepole, na huo ndio udhaifu wake kwenye maji ambayo tayari yamejaa viluwiluwi. Hapo anza na punje za Bti, zinazoua haraka, halafu donge lilinde. Kupima ni rahisi: chota maji kwa kikombe cheupe sehemu tano za ukingoni, hesabu viluwiluwi, rudia baada ya saa 48. Ukikuta wadogo wengi wanaochezacheza, dawa haijawafikia: pengine maji yanatiririka na kuisomba, au uso umefunikwa na magugu.

Kwenye mashimo ya maji machafu siipendekezi. Uchafu huvuta chembe za dawa chini, na viluwiluwi wa Culex, jamii ya mbu wapendao maji machafu, wana chakula kingine tele cha kujaza matumbo. Huko Lysinibacillus sphaericus, bakteria mwingine anayeua viluwiluwi, hudumu zaidi, ingawa Aedes aegypti, mbu wa homa ya dengi, hatishwi naye sana na usugu dhidi yake umeshaonekana. Maji ya kunywa yaliyokwisha kutibiwa pia yaache. Lebo yenyewe inakataza.

Pakiti iliyofunguliwa iweke pakavu, mbali na jua na joto. Andika tarehe ya kuweka donge kwenye ubavu wa tangi kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu mabaki huweza kuendelea kuelea hata dawa ikiwa imekwisha.