Cheche na moshi wa rangi kwenye harusi ya mdogo wangu: uzoefu wangu na mafundi waliotaka kuona dari kwanza

Desemba iliyopita nilikuwa mhazini wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Tulilipa mpishi, mpambaji, MC, watu wa muziki na watu wa picha, lakini watu wanaoniuliza maswali mpaka leo wanauliza kuhusu vijana wanne wa cheche. Wameona ile video ya maharusi wakiingia ukumbini katikati ya cheche, wanataka namba na bei. Namba namtumia anayeuliza. Hapa naandika yale ambayo video haionyeshi.

Kwanza niseme kwa nini nilikuwa mgumu kwenye jambo hili. Mwaka juzi tulikuwa na sendofu ya binti wa mama mdogo, ukumbi uko Tabata. Keki ililetwa imechomekwa fashifashi nne, zile ndefu za kuwasha kwa kiberiti cha gesi. Aliyezileta ni mtu wa mapambo, kazinunua Kariakoo pamoja na maputo. Zikawaka, watu wakapiga vigelegele, zikazima. Mhudumu akazichomoa akaziweka kwenye sahani pembeni ya meza, zote nyeusi, hazina hata moshi. Mtoto wa dada yangu, miaka mitano, akaokota moja.

Kiganja chake nilikishika mimi. Katikati kulikuwa na mstari mweupe, umenyooka kama umechorwa kwa rula, ngozi imekauka kama iliyopakwa chokaa, na kandokando nyekundu inapanda huku naiangalia. Mtu mmoja akaja mbio na dawa ya mswaki, mwingine anaulizia asali jikoni. Shangazi yetu ni muuguzi mstaafu, akawazuia wote kwa mkono. Akataka maji tu, ya kawaida, yasiwe ya barafu. Bomba la ukumbi halikuwa linatoa maji, kwa hiyo tulifungua katoni za maji ya kunywa, chupa moja baada ya nyingine, tukimmiminia mtoto mkononi huku shangazi anaangalia saa mpaka zikatimia dakika 20. Ndipo tukaenda hospitali. Daktari alisema maji yale ndiyo yaliyosaidia. Kovu bado lipo, jembamba.

Kile kijiti kikiwaka kinafika nyuzi joto 1,000 za Selsiasi na kupita, na chuma kilichobaki hakipoi kwa sababu tu mwanga umezima. Sikulijua hilo, na sidhani kama yule mpambaji alilijua.

Basi safari hii, kamati iliposema inataka cheche, zile zinazorushwa juu na mashine za sakafuni, nilipiga simu kwa watu watatu. Wawili wa kwanza walinipa bei kabla sijamaliza kujitambulisha. "Dada, mashine nne laki nne, sita laki tano na nusu, tunafunga saa kumi." Wa tatu hakunitajia bei. Aliuliza dari lina urefu gani, limepambwa kwa nini, milango mingapi inafunguka kwenda nje, na kiyoyozi kinapuliza kuelekea wapi. Nilimwambia sijui. Akasema, "Basi dada yangu, tukutane ukumbini, na mpambaji wako awepo." Nilikereka. Kutoka kazini Posta mpaka Mbezi Beach siku ya Alhamisi jioni, na foleni ya Mwenge, unajua unakwenda kufanya nini.

Alifika na futi, akapima njia ya maharusi kutoka mlangoni mpaka meza kuu, kisha akasimama katikati akaangalia juu kwa muda mrefu. Dari lenyewe ni jipsamu, halikumsumbua. Kilichomsumbua ni mpango wa mpambaji wetu wa vitambaa vyeupe vinavyotoka katikati ya dari kwenda pembe zote, pamoja na maua ya plastiki yanayoning'inia. Akaomba kipande. Tukatoka wote mpaka maegesho, akakishika kwa koleo, akawasha kiberiti chini yake.

Nilidhani kitawaka kama karatasi. Kilijikunja kwanza, kikarudi nyuma kama kinachokimbia moto, halafu kikaanza kuyeyuka na kudondoka. Yale matone yalidondoka yakiwa yanawaka. Nilihesabu matatu kwenye paving, kila moja na mwali wake mdogo, na alipolikanyaga moja likamganda kwenye soli. Akatuuliza taratibu kama tungependa lile lidondokee shela ya bibi harusi. Mpambaji, ambaye alikuwa amekuja kifua mbele, alikunja mikono akanyamaza.

Ndipo akatusimulia harusi ya Qaraqosh, Iraq, Septemba 2023. Fataki ziliwashwa ndani ya ukumbi maharusi wakicheza, mapambo ya dari yakashika moto, vipande vikaanza kuwadondokea watu, na zaidi ya 100 wakafa. Maharusi walinusurika, wamezika ndugu. Akataja pia ule ukumbi wa muziki wa Santa Maria, Brazil, Januari 2013, ambako kifaa cha kuwashwa nje kiliwashwa ndani chini ya dari la sponji, wakafa watu 242. Alivitaja kama fundi umeme anavyokutajia nyumba iliyoungua kwa waya mbovu. Nilipofika nyumbani nilisoma habari ya Iraq mpaka usiku, na baada ya hapo kamati haikunishinda tena.

Maana kamati ilibishana. Kwenye grupu la WhatsApp tuliandikiana mpaka saa sita usiku. Fundi alikuwa amekataa vitu vitatu: fashifashi kwenye keki na kwenye chupa za shampeni, mashine sita (alisema njia yetu inabeba nne), na fataki za kurushwa angani wakati maharusi wanaondoka. Hizi za mwisho alisema bila kibali cha polisi hagusi, na muda wa kukiomba ulikuwa umeshatupita. Kaka yetu mkubwa akaandika kwamba tunalipa pesa ili tukataliwe. Lakini sisi wa Dar kila mwisho wa mwaka tunasikia polisi wanavyokataza watu kupiga fataki bila kibali. Nikaandika kwamba sitatoa pesa ya michango ya watu kwa fundi mwingine, na mwenyekiti akaniunga mkono. Vitambaa vya juu ya njia vikaondolewa, vikabaki ukutani nyuma ya meza kuu, mbali na mashine.

Sasa kuhusu mashine zenyewe. Wanaziita cheche baridi, na hilo jina linapotosha watu. Ndani yake kuna chembechembe za madini, titani na zirkoni, mashine inazipasha moto na kuzipuliza juu zikiwaka. Kule juu cheche imeshakuwa ndogo na inapoa haraka, ndiyo maana mkono ukipita kwa mbali hauungui. Pale mdomoni inapotokea ni moto kamili. Fundi alizifungia kwenye urefu wa mita mbili ingawa zinaweza kupanda zaidi, akaweka mkanda sakafuni mita tatu kutoka kila mashine, na kila mashine ikawa na ndoo ya mchanga mkavu pembeni. Niliuliza kwa nini mchanga, maji yapo. Akasema chembe za madini zikishika moto, maji yanauchochea. Mchanga mkavu unazifunika. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwa miwili, na aliniomba nisome tarehe ya ukaguzi kwa macho yangu.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba alizijua harusi zetu. Alimfuata MC kabla ya wageni kuingia, akamwambia atangaze kwamba hakuna kutunza mpaka maharusi wafike meza kuu. Nani mwingine angekumbuka hilo? Wimbo ukipigwa, mashangazi wanashuka na noti za elfu tano mkononi, wanacheza kuelekea kwa bibi harusi, na hakuna mkanda wa sakafuni utakaowazuia. Pia alimpa mpambe kazi moja: kukusanya shela na kuibeba mkononi, isiburuzwe, kwa sababu ile neti ni nailoni. Rimoti ilishikwa na kijana mmoja ambaye hakupiga picha hata moja. Macho yake yalikuwa kwenye njia tu, kidole gumba juu ya kitufe, na mwenzake amechuchumaa kwenye swichi ya umeme. Mashine ya tatu ilichelewa kuwaka, kwa sababu mtoto mmoja wa meza ya jirani alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti. Kwenye video inaonekana kama imepangwa hivyo.

Kwa ule moshi mzito wa chini wakati wa kufungua muziki walitumia barafu kavu, ambayo ni hewa ukaa iliyogandishwa kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Walivaa glavu nene, wakafungua milango miwili, na watoto wote waliokuwa wamekaa sakafuni wakanyanyuliwa, kwa sababu hewa ile ni nzito na inakaa chini walipo wao. Dakika tatu, basi.

Moshi wa rangi tuliupiga Kunduchi, ufukweni, kabla ya kwenda ukumbini. Ni vikopo vyenye pete ya kuvuta. Fundi alisema vya aina hii Uingereza vinatumiwa sana na wachezaji wa easofti, ule mchezo wa vita vya kuchezea ambao bunduki zinarusha vipira vya plastiki vya milimita 6. Huko kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa, na mchezaji hatoi miwani usoni akiwa uwanjani. Alitufundisha kwa kopo tupu kwanza. Unashika chini kabisa kwa glavu, mkono umenyooka, mdomo wa kopo haumwelekei mtu, unavuta pete kwa ubavu, na unajua upepo unatoka wapi. Desemba kaskazi inavuma kutoka baharini, kwa hiyo walikaa upande ambao moshi unawakimbia. Moshi ukishaisha, kopo linawekwa mchangani kwa sababu gamba lake linapata moto. Majani makavu yalikuwa hatua kama 40 nyuma yetu na alituma kijana mmoja akasimame huko na ndoo. Nilimwelewa, Septemba 2020 kule California kifaa cha moshi kwenye sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto kiliwasha majani makavu, moto ukaenda wiki kadhaa na ukamuua mzimamoto mmoja.

Kopo la tano halikutoa kitu. Shemeji yetu akalirudisha usoni kuangalia tundu.

"Kaka, acha hapohapo! Liweke chini, rudi nyuma!"

Sijawahi kusikia sauti ile kwa fundi huyu, ambaye muda wote anaongea kama mwalimu wa madrasa. Shemeji aliliweka. Tulirudi nyuma hatua 20, na fundi akasema tunasubiri nusu saa. Mpiga picha alikasirika kweli, jua lilikuwa linazama na ile ndiyo dakika yake. Tulisubiri. Dakika kumi na kitu baadaye lile kopo lilitema moshi wa njano kwa nguvu, likageuka mchangani, likaendelea. Hakuna aliyesema neno. Shemeji alijigusa jicho. Nusu saa ikahesabiwa upya, kisha kijana akalichukua kwa koleo refu akalizamisha kwenye ndoo ya maji pamoja na mengine.

Kwa hiyo picha za machweo tulizipata chache. Hilo ni hasara na nalisema wazi kwa anayepanga harusi: ukiwachukua watu hawa, wape saa nzima ya ziada.

Mengine ambayo hayakunipendeza. Tulilipa 850,000, mara mbili ya bei ya wa kwanza kwa mashine zilezile nne, ingawa ndani yake kuna moshi, barafu na ile siku ya ukaguzi. Ukumbini walichelewa dakika 40, na mimi ndiye niliyejibu simu za mama. Risiti nimeifuatilia wiki mbili. Na pindo la gauni lilipata doa la rangi ya chungwa kutoka kwenye moshi, kwa sababu hakuna aliyetuambia kwamba rangi ile inaganda kwenye kitambaa cheupe. Dobi wa Kinondoni amelifua mara mbili, limefifia tu. Nilipompigia fundi hakubishana, alikata elfu hamsini kwenye salio akaniomba picha ya doa, akisema atawaonyesha wateja wanaofuata kabla hawajavaa.