Maporomoko ya Tumwater: mahali pazuri mno, ila waliotupeleka siwapi hata nyota moja

Naandika nikiwa bado nina hasira, mtanivumilia. Mama yangu katoka Musoma mpaka huku jimbo la Washington kuja kuona wajukuu. Gari letu liko gereji, na sikutaka ashinde ndani anaangalia ukuta. Nikalipia safari ya siku moja na kampuni moja ya watu wetu hapa, wale wanaobeba watu kwa basi dogo na matangazo yao yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Tangazo lilisema maporomoko, ngazi ya samaki, njia fupi inayofaa wazee, na mwongozaji anayeijua historia ya eneo. Jina lao siliandiki.

Njia yenyewe sina neno nayo. Mama ana goti linalomsumbua na aliizunguka yote, unashuka upande mmoja wa mto Deschutes, unavuka daraja chini, unapanda upande wa pili. Viti vya kupumzikia vipo. Maji yanaporomoka kwa mafungu mafungu katikati ya mwamba mweusi, na yanavyonguruma hata kelele za magari ya barabara kuu ya I-5, ambayo ipo pale pale karibu, unazisahau. Hiyo ni sehemu ya njia, na kwa sehemu hiyo nawasifu walioitengeneza.

Sasa huyo mwongozaji. Historia yote aliyotupa ilikuwa kunyoosha kidole kwenye jengo kuukuu la matofali mekundu kule chini na kusema, "Pale ndipo walikuwa wanapika bia ya Olympia." Basi. Mama yangu ni Msabato, bia ya Olympia anaipeleka wapi? Mahali pale pana habari ya George Bush, mtu mweusi, aliyefika mwaka 1845 na familia yake na wenzake, wakawa miongoni mwa walowezi wa kwanza wa Marekani kuweka makazi eneo hili. Alikuja kaskazini huku kwa sababu Oregon walikuwa wametunga sheria ya kuzuia watu weusi wasikae. Miaka kumi baadaye ilibidi Bunge la Marekani litunge sheria maalumu ili asinyang'anywe shamba lake. Habari hiyo nilimsimulia mama mimi, tena kwa kupiga kelele maana maji yananguruma. Mwongozaji alikuwa kesharudi kwenye gari, anachezea simu.

Hilo ningelimeza. Lililonishinda ni la kwenye ngazi ya samaki.

Kwa ambaye hajaona: samoni anazaliwa kwenye maji baridi, anashuka baharini anakulia huko miaka kadhaa, kisha anarudi kutaga. Hapa Tumwater maporomoko yalikuwa yanawazuia tangu asili, hawakuweza kuyavuka. Miaka ya 1950 serikali ya jimbo ikajenga ngazi ya zege kando ya mto, vibirika vinavyopandana kama vidato, maji yakimwagika kutoka kimoja kwenda kingine. Samaki anaruka kidato, anapumzika pembeni ambako maji hayana nguvu, anaruka tena. Juu kabisa wanashikiliwa kwenye mabwawa, wanakamuliwa mayai ya kuzalisha vifaranga.

Tulienda msimu wenyewe, mwanzo wa vuli, na Chinook, aina ya samoni, walikuwa wamejaa. Wakubwa, urefu wa mkono mzima na zaidi. Wakishaingia mtoni hawali tena, wanaishi kwa mafuta ya mwilini, kwa hiyo ukiwatazama kwa karibu unaona mapezi yamechanika na ngozi imeota mabaka meupe. Mama alishika chuma cha kingo akaacha kusema. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hawa ni kama ningu." Alikulia karibu na Mto Mara unapoingia ziwani, na mvua zikianza ningu walikuwa wanatoka ziwani kupanda mto kutaga. Sasa wamekuwa adimu, nyavu ziliwamaliza kwenye midomo ya mito wakiwa bado na mayai tumboni. Akaanza kunieleza baba yake alivyokuwa anategea migono, mambo ambayo umri wangu wote sijawahi kuyasikia.

Alikuwa amemchagua mmoja. Dume, mkia umeliwa upande, alikuwa anarushwa nyuma na maji kwenye kidato kile kile. Anaruka, anagonga ukuta wa zege, anarudi pembeni, anatulia, mashavu yanafunguka na kufunga. Anaruka tena. Mama anamsemesha, "Jitahidi baba, jitahidi." Alitaka kumwona akipita. Hilo tu.

Nyuma yetu nikasikia makofi. Dereva-mwongozaji amesimama pale juu anapiga makofi kama anaswaga mbuzi. "Wewe mama! Muda! Samaki ni samaki tu, hata kwenu wapo!" Kisa, abiria wengine wanataka kuwahi maduka ya nguo za bei ya punguzo huko Centralia.

"Wewe mama." Kwa mwanamke wa umri wa bibi yake, mbele za watu, kwa Kiswahili ambacho amefundishwa na mama kama huyu. Asubuhi alipopanda gari mama ndiye aliyemsalimia kwanza, kijana kajibu "poa". Shikamoo haikumtoka.

Mama akaachia kingo, akaniambia twende, tusiwacheleweshe watu. Hakugeuka. Yule samaki alikuwa bado yuko chini ya kidato.

Nilianza kuandika hapa kwamba ngazi ya samaki ni kupoteza hela, njia fupi mno haistahili safari, msiende. Nimefuta, kwa sababu ni uongo wa hasira. Nendeni. Peleka mzazi wako, peleka watoto, kuingia ni bure. Njia ni fupi lakini muda unaotakiwa ni wa kusimama, na huo hauna kipimo. Nenda na mtu atakayekuacha usimame. Gari lao, nikiwa mkweli, lilikuwa safi, na dereva alimshika mama mkono kwenye ngazi za basi wakati wa kushuka, nikawaza labda niwape nyota mbili. Halafu nakumbuka yale makofi, na hizo mbili nazirudisha.

Kampuni wamenitumia ujumbe wakisema wananipa punguzo kwenye safari ijayo. Punguzo silitaki. Nataka kijana ampigie mama simu, aanze na shikamoo, aseme nisamehe. Mama bado yuko kwangu na namba yangu wanayo. Akifanya hivyo nitarudi hapa nibadilishe nilichoandika.