Diski nne za seva ya ofisi Lubumbashi: tuzipange vipi?

Ukiulizia seva dukani, muuzaji anaanza na swali moja: unataka terabaiti ngapi? Mimi ningeanza na jingine: diski moja ikifa leo, ya kuziba nafasi yake itafika lini? Hapa Lubumbashi diski ya aina ileile mara nyingi haipo rafuni. Inaagizwa, inasubiriwa mpakani Kasumbalesa, nawe unahesabu siku. Kwa hiyo orodha yangu inaanzia kwenye siku hiyo ya msiba. Tuchukue diski nne za terabaiti 4.

Njia za kupanga diski kadhaa zifanye kazi kama moja huitwa RAID. Ya kwanza ni RAID 10. Diski zinakaa jozi jozi, kila moja na pacha wake anayebeba data ileile, kisha jozi zinagawana kazi. Unabaki na terabaiti 8, nusu ya ulicholipia, na hapo ndipo bosi hukunja uso. Lakini diski ikifa, mpya inanakili kutoka kwa pacha tu. Kwa megabaiti 150 kwa sekunde ni saa 7 na kitu, kama seva haina kazi nyingine.

Ofisi ya watu watano, yenye programu ya uhasibu na barua, isijisumbue: njia ya pili ni diski mbili tu kwa RAID 1, yaani jozi moja ya pacha.

Ya tatu ni RAID 6. Nafasi ni terabaiti 8 vilevile, na diski zozote mbili zinaweza kufa bila hasara. Ila andiko dogo moja linazaa kazi sita za diski, wakati RAID 10 inazaa mbili. Inafaa kwa picha za kamera za ulinzi, si kwa hifadhidata ya mauzo.

RAID 5 wauzaji wanaipenda, maana terabaiti 12 zinapendeza kwenye proforma, ila inavumilia kifo cha diski moja tu. Niliinunua. Jumatatu moja taa ya chungwa ikawaka, tukapachika diski mpya, kujenga upya data kukafika asilimia 60, umeme ukakatika. Betri za UPS zilikuwa zimechoka. Tulipowasha tena, diski ya pili ikagoma kusomeka. Faktura za miezi miwili tuliziingiza upya kutoka kwenye makaratasi, moja moja. Baadaye ndipo nilisoma karatasi ya mtengenezaji: diski nyingi za bei nafuu zinaruhusiwa kosa moja la kusoma kwa kila biti trilioni 100, yaani terabaiti 12.5. Kujenga upya RAID 5 yetu ni kusoma terabaiti 12.

RAID 0, inayogawa data kwenye diski bila pacha yoyote, kwa data ya biashara? Hapana.

Ukilipa, nunua diski ya tano, ikae kwenye droo. Kataa zile za SMR, ambazo mistari yake ya data imelaliana kama vigae. Wakati wa kujenga upya zinakwama. Karani akifuta faili, pacha naye analifuta papo hapo, hivyo diski ya nje ya nakala bado inahitajika, na ilale nje ya ofisi. Tena bandika namba ya kila diski mbele ya trei yake. Nimeona fundi akichomoa nzima akaiacha iliyokufa.