Tela la ekseli mbili kwa ekskaveta ya tani 1.7: uzoefu wangu

Tela hili limeundwa na karakana moja ya Dar es Salaam: ekseli mbili za kilo 1,500 kila moja, springi za bapa, breki, na jukwaa la mita 3.6 kwa 1.7. Nalitumia nyuma ya Land Cruiser 79 kuhamisha ekskaveta ndogo na vifaa vyake kutoka saiti hadi saiti. Kwa kazi hiyo naliridhia, ila si kama lilivyotoka kwa fundi.

Wengi huchagua tela kwa kutazama jukwaa. Anza na uzito. Kilo 1,700 zilizoandikwa kwenye kitabu ni za mashine peke yake. Ongeza baketi mbili za akiba, kilo 90. Mashine ya kushindilia, 90 nyingine. Dumu la dizeli la lita 20 ni kama kilo 17, minyororo na vikazio vyake 40. Umefika 1,937. Tela tupu pamoja na rampu ni 780, jumla 2,717. Ukiuziwa "tela la tani mbili", uliza kwanza: mbili za mzigo, au mbili pamoja na tela lenyewe? Gari nalo lina kikomo chake. Land Cruiser 79 huruhusiwa kuvuta kilo 3,500 tela likiwa na breki. Lisipokuwa nazo ni 750 tu, yaani hata tela hili likiwa tupu limeshapita.

Breki ni za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma kichwa cha kuungia, nacho kinavuta waya wa breki. Ni rahisi kutunza na hazihitaji umeme. Ubaya wake ni kurudi nyuma mlimani. Tela hudhani gari limefunga breki na kujikaza, hivyo hakikisha lina kizuizi kinachozuia breki zisikaze ukirudi nyuma. Waya wa dharura, ule unaofunga breki tela likichomoka, uunganishwe kwenye chasisi ya gari. Ukiuvisha kwenye mpira wa chuma wa kuvutia, mpira huo ukitoka nao umetoka.

Tairi ni 195R14C, namba ya mzigo 106, maana yake kilo 950 kwa tairi moja zikijazwa upepo wa psi 65. Kagua tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mafundi wetu wanapenda kufunga tairi za mtumba za gari ndogo, na hizo ndizo unazoziona zimepasuka kando ya barabara ya Morogoro.

Mambo mawili niliyarudisha karakana. Kwanza, pete za kufungia zilikuwa zimechomelewa kwenye bati la sakafu, la milimita 3. Bati hilo huchanika kama karatasi mzigo ukivuta kwa nguvu. Pete zinatakiwa zikae kwenye boriti ya chasisi, zikiwa na bamba la kuimarisha chini yake. Pili, rampu zilikuwa za mita 1.5 na jukwaa liko sentimita 62 kutoka ardhini. Huo ni mwinuko wa nyuzi 24. Za mita 2.4 zinaushusha hadi 15. Ni nzito, zinahitaji watu wawili kuzibeba, lakini sioni njia nyingine. Wakikupendekezea vipande vya nondo juu ya rampu ili cheni ambazo ekskaveta hutembelea zisiteleze, kataa: ncha zake zinakata cheni za mpira. Chuma cha pembe kilichosagwa kingo kinatosha.

Kupakia, tela liwe limeungwa na gari, mahali tambarare, hendibreki imevutwa na kabari ziko kwenye magurudumu. Shusha miguu ya nyuma ya tela. Usipoishusha, mashine ikikanyaga rampu mkia wa tela unalala, mbele inanyanyuka na kuinua nyuma ya gari, na gari lililoinuliwa hivyo hendibreki haina la kufanya. Rampu zifungwe kwa pini. Kwangua tope kwenye cheni. Panda polepole, mkanda umefungwa, baketi iko chini karibu na rampu. Usikate kona wala kuzungusha kibanda katikati. Pale juu, mashine inapolala kutoka kwenye rampu kuingia jukwaani, nenda taratibu kuliko kote.

Mashine ikae wapi? Mbele ya tela inatakiwa kulalia gari kwa karibu asilimia 10 ya uzito wote, hapa kama kilo 270. Ikipungua, tela linacheza mkia ukifika kilomita 70 kwa saa. Nilipima kwa mizani ya magunia ya kilo 300 iliyowekwa chini ya kichwa cha kuungia. Kutoka kichwa hicho hadi katikati ya ekseli ni mita 3.2, kwa hiyo kusogeza mashine sentimita 10 tu kunabadilisha kilo 53 hivi. Ukishapata mahali pake, piga mstari wa rangi sakafuni mbele ya cheni.

Kisha shusha bledi na baketi juu ya ubao, zima injini, chezesha levya kuondoa presha ya haidroliki, funga kufuli ya kibanda. Minyororo minne ya milimita 8 yenye muhuri wa 8 au T kwenye pingili. Ule wa dukani usio na alama ni wa kufungia geti. Miwili ivute mbele, miwili nyuma, kila mmoja na pete yake, kwenye matundu aliyoyaweka mtengenezaji, kamwe si kwenye silinda wala mipira ya haidroliki. Mkono ufungwe peke yake. Vikazio vya parafujo ni vizuri kuliko vya mpini, ambavyo huruka na kuvunja taya.

Matuta ya kwanza tu hulegeza minyororo. Simama baada ya kilomita 10, kaza tena, gusa habu: ikiunguza mkono, beringi au breki ina tatizo. Nati za magurudumu kaza upya baada ya kilomita 50 za mwanzo.

Kwenye barabara kuu kumbuka mizani, kwa kuwa kuanzia tani 3.5 unatakiwa kuingia. Kwa mashine ya tani 2.5 tela hili halifai. Hapo tafuta kenta.